Ushahidi wa Mgeni: Vichunguzi vya Spini na Mwendo wa Molekuli katika Protini na Polima Zenye Unyevu

Njia ya kupima mwendo wa molekuli kwa vichunguzi vya spini ilianza kutumiwa juu ya protini mwaka 1965, na tangu hapo imeandikiwa maelfu ya kurasa katika ndimi za Ulaya. Katika Kiswahili istilahi zake hazijatulia. Hiyo si hasara tupu. Lugha inayopokea elimu baada ya wenzake hupata nafasi ya kuyapima maneno kabla ya kuyavaa, na maneno ya fani hii yanahitaji kupimwa sana, kwa kuwa majina yaliyopewa vyombo na matokeo yamelificha swali ambalo lilipasa kuwa la kwanza: anayezunguka ni nani, mgeni au mwenyeji?

Kazi yenyewe ni hii. Katika protini na polima nyingi elektroni zimekaa mbili mbili, na kila moja huubatilisha usumaku wa mwenzake. Kwa hiyo kifaa cha kupima mwitikio wa elektroni ndani ya sumaku, ambacho msingi wake uligunduliwa na Zavoisky huko Kazan mwaka 1944, hakisikii neno kutoka kwao. Mpimaji hutia humo kiasi kidogo cha molekuli ngeni, aghalabu za jamii ya nitroksidi, ambamo atomu ya naitrojeni na atomu ya oksijeni hushirikiana elektroni moja isiyo na mwenzake. Radikali huru kwa kawaida hufa mara zizaliwapo. Bali hizi hudumu, kwa sababu vikundi vinne vya methili vimezizunguka kama boma. Ile ijulikanayo zaidi, TEMPO, ina uzito wa molekuli wa 156, nayo ni ndogo sana mbele ya protini iliyo ndogo katika protini.

Sampuli huwekwa katika uga wa sumaku wa kama tesla 0.34, ikapigwa mawimbi ya jigahezi 9.5 hivi, ambayo urefu wake ni kama sentimita 3. Kiini cha naitrojeni kina njia tatu za kujielekeza ndani ya sumaku, na hivyo mwitikio wa elektroni hugawanyika ukawa mistari mitatu. Nafasi iliyo kati ya mistari haifanani kwa kila upande wa molekuli. Sumaku ikiwa imeelekea mhimili mmoja, nafasi hiyo ni kama militesla 3.4, ikiwa imeelekea mihimili miwili mingine, ni kama militesla 0.6 tu. Molekuli inayogeuka upesi, kwa muda wa nanosekunde 0.1 hivi, huzichanganya tofauti hizo zikawa wastani wa militesla 1.5, na mistari mitatu hutokea myembamba na iliyosimama wima. Mgeuko ukipungua hata ukachukua nanosekunde 10, mistari hupanuka na kupindika. Molekuli ikikwama kabisa, ncha mbili za nje hutengana kwa militesla 6.5 hadi 7. Mwenye mazoea huweza kutazama umbo la mistari hiyo na kukisia mwendo kabla hajafanya hesabu, kama fundi wa saa anavyosikia kasoro kwa sikio. Kwa njia ya kawaida mwendo usomekao ni ule wa kuanzia pikosekunde 10 hadi nanosekunde 100 au zaidi kidogo. Kwa njia ya kuishibisha elektroni, iliyoelezwa na Thomas, Dalton na Hyde mwaka 1976, hata milisekunde hufikiwa.

Hapa pana neno la kwanza la kuhojiwa, nalo ni spini. Wapo watakaopendekeza liitwe mzunguko, au hata pia, ile ya watoto ichezwayo kwa uzi. Pendekezo lina ladha ya Kiswahili lakini lina madhara mawili. Kwanza, spini ya elektroni si kuzunguka kwa kitu. Ni tabia ya asili ya elektroni, yenye kuipa usumaku wake. Uhlenbeck na Goudsmit walipoitoa mwaka 1925 waliifananisha na mpira unaojizungusha, mfano ukaanguka mapema, jina likabaki. Hakuna sababu ya Kiswahili kuurithi mfano uliokwisha anguka. Pili, na hili ndilo kubwa, kinachopimwa kwa njia hii ni mzunguko wa kweli, yaani molekuli nzima kugeuka huku na huku. Atakayeiita spini mzunguko atalazimika kuandika juu ya mzunguko wa kichunguzi cha mzunguko, na msomaji hatajua ni upi unaopimwa na ni upi unaopimia. Afadhali spini ikae kama ilivyo, pamoja na elektroni, protini na polima ambazo zimekwisha pata uraia.

Neno la pili ni gumu zaidi, maana ndilo lenye kubeba hoja. Ndimi za Ulaya zimekiita kiini cha njia hii kwa jina la kitu kinachochomekwa mahali pasipoonekana ili kupima. Pwani ya Afrika Mashariki inakijua chombo cha namna hiyo. Mnunuzi wa nafaka alikuwa na bambo, chuma chenye ncha na mfereji; huchomwa ubavuni mwa gunia, na kikichomolewa hutoka na punje za ndani, akazitazama na kuziuma apendavyo. Baharia naye alikuwa na bildi, risasi iliyofungwa kamba, akaitosa na kuhisi mkononi mahali ilipogota. Vyombo hivi viwili havitoi habari ya namna moja. Bambo huleta kitu chenyewe. Bildi haileti kilindi. Huleta habari za risasi, na baharia hukisia kilindi kutokana na habari hizo. Na tena mkondo wa maji ukiwa mkali, kamba hulala upande na hesabu ikapotea, ingawa bildi haikusema uongo.

Maandishi mengi ya fani hii yameandikwa kama ya mtu aliyeshika bambo. Husema kwamba mwendo wa polima ulipimwa, au kwamba mnyumbuko wa protini ulionekana. Kilichoonekana ni mwendo wa molekuli ngeni iliyomo ndani ya polima, na safari ya kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji ni safari ya hoja, haimo katika kipimo. Neno kichunguzi, ambalo linaelekea kukubalika, lina kasoro hiyo hiyo kidogo, kwa kuwa linakipa kitu kazi ambayo ni ya mtu. Nitroksidi haichunguzi chochote. Hukaa na kutikiswa. Hata hivyo neno hilo laweza kuvumiliwa kuliko mpelelezi, ambaye hutumwa akijua alitafutalo na hurudi na habari za watu wengine bila kusema lolote juu ya nafsi yake.

Mfano wa kwanza wa safari hiyo kufanywa ovyo ni ule wa mnato wa ndani. Iko kanuni ya zamani, ya Stokes, Einstein na Debye, isemayo kwamba muda wa kugeuka kwa mpira ndani ya kimiminika huongezeka kwa kadiri ya mnato na ukubwa wa mpira, na hupungua kwa kadiri ya joto. Ni kanuni nzuri kwa mpira mkubwa katika kimiminika cha molekuli ndogo. Wapimaji waliigeuza: wakachukua muda wa kugeuka kwa nitroksidi, wakatoa humo mnato wa mahali ilipokaa, hata kama mahali penyewe ni ndani ya mpira wa gari au ndani ya utando wa seli. Lakini polima haina molekuli ndogo kuliko mgeni. Ina minyororo mirefu, na mgeni hukaa katika nafasi tupu baina yake. Anayekula faluda anao ushahidi mbele yake. Faluda imesimama sahanini, haimwagiki, na kwa kipimo cha kuitikisa sahani mnato wake hauna mwisho. Walakini molekuli ndogo zilizo katika maji yake hugeuka karibu sawa na zilivyo katika maji matupu, maana nyuzi za mwani zimeacha nafasi pana kati yake. Mpimaji mmoja atasema ni kigumu na mwingine atasema ni maji, na wote wawili wamesema kweli juu ya vitu viwili. Kuyaita majibu yote mawili mnato, kisha kuongeza sifa ya udogo kwa lile la pili, ni kuficha tofauti ya aina chini ya tofauti ya kiasi.

Kosa la pili linafanana na hilo lakini limevaa nguo nzuri zaidi. Polima ikipozwa hufika mahali ambapo hukauka kama kioo: mpira wa asili karibu na nyuzi 70 chini ya sifuri za Selsiasi, polistairini karibu na nyuzi 100 juu ya sifuri. Katika miaka ya 1970 wapimaji walitafuta alama ya badiliko hilo katika mistari ya nitroksidi, wakachagua joto ambalo ncha za nje hutengana kwa gausi 50, yaani militesla 5. Joto hilo ni rahisi kusoma, na kwa polima nyingi hupanda na kushuka pamoja na joto la kuwa kioo. Hapo ndipo lilipoanza kutajwa kana kwamba ni joto lenyewe. Silo. Huwa juu yake, mara nyingi kwa makumi ya nyuzi, kwa sababu ambayo haina siri: kipimo cha joto maalumu huisubiri polima kwa sekunde na dakika, ilhali elektroni haisubiri zaidi ya nanosekunde chache. Kitu kilicho laini kwa mwenye subira ni kigumu kwa mwenye haraka. Isitoshe, mgeni mkubwa hutoa joto la juu kuliko mgeni mdogo ndani ya polima ile ile. Kama jibu hubadilika kwa kubadili muulizaji, haifai kuliandika kama sifa ya muulizwaji peke yake. Kwa haki yao, waliokuwa waangalifu tangu mwanzo waliliunganisha joto hilo na joto la kuwa kioo kwa kanuni ya Williams, Landel na Ferry ya mwaka 1955, wakaingiza ukubwa wa mgeni katika hesabu. Waliokuja nyuma yao walichukua namba wakaacha hesabu.

Kabla ya kufika kwenye protini yafaa neno la tatu lisemwe, nalo ni maji. Ndimi za Ulaya zina neno moja kwa kitu kilichochukua maji kikashikana nayo pasipo kuwa majimaji. Kiswahili kina kulowa, kuroweka, kuwa na unyevu, kuwa chepechepe. Na kila moja lina kadiri yake. Nguo iliyolowa hudondosha maji. Mahindi yaliyokaushwa vema kwa ghala bado yana maji kama asilimia 13, na mtu akiyashika huapa kwamba ni makavu. Protini inayozungumzwa hapa ni ya namna ya mahindi hayo. Kuiita iliyolowa ni kumpeleka msomaji kwenye ndoo, ambako hakuna linalotafutwa. Yenye unyevu ni sahihi zaidi, na penye hesabu, gramu za maji kwa gramu ya protini ni usemi usio na mpinzani.

Lisozimu ya ute wa yai ndiyo iliyosomwa kwa utaratibu mzuri kuliko nyingine. Ina asidi amino 129, na uzito wa molekuli wa kama 14,300. Mwaka 1983 Rupley, Gratton na Careri waliweka pamoja vipimo vya namna nyingi vilivyofanywa juu yake kwa kuiongezea maji kidogo kidogo kutoka katika ukavu: joto maalumu, miale ya infraredi, kubadilishana kwa hidrojeni, utendaji wa kimeng'enya, na mwendo wa kichunguzi cha spini kiitwacho TEMPONE. Ikifika gramu 0.38 za maji kwa gramu ya protini, yaani molekuli 300 hivi za maji kwa kila molekuli ya lisozimu, protini imefunikwa. Kimeng'enya hakingoji mpaka hapo. Huanza kufanya kazi karibu na gramu 0.2, kabla ya nguo kumtosha mwilini. Na mwendo wa kichunguzi hupanda sambamba na utendaji huo.

Ulinganifu huu ni wa thamani na umenukuliwa mara nyingi. Lakini namna ulivyonukuliwa ndiyo yenye kuhitaji ukosoaji. Wengi wamesema kwamba kichunguzi kilionyesha protini ikiamka kutoka usingizini. TEMPONE haikuwa ndani ya protini. Ilikuwa usoni pake, katika maji machache yaliyokuwapo, na iligeuka kwa kadiri maji hayo na vishina vya upande vilivyoiruhusu. Shahidi aliyeketi barazani aweza kusema saa ngapi mlango ulifunguliwa na watu wangapi waliingia. Akianza kueleza yaliyosemwa chumbani, hakimu atamkatiza. Kwamba mwendo wa barazani na kazi ya chumbani vilianza wakati mmoja ni jambo la kweli na la kustaajabisha, na lina maelezo zaidi ya moja: yawezekana maji hulegeza uso na uso hulegeza kiini, yawezekana vyote viwili hungoja kitu cha tatu, kama vile maji kuungana yakawa mtandao mmoja kuizunguka protini. Vipimo vya namna nyingine, ndivyo vilivyokuwamo katika mkusanyo ule ule wa mwaka 1983, vilisaidia kupunguza uwezekano huo. Kichunguzi peke yake hakikuweza.

Barafu nayo ina hila yake. Mchanganyiko wa protini na maji ukigandishwa, chembe za barafu humfukuza mgeni. Hukimbilia katika nafasi zisizoganda, ambazo ndizo zinazoizunguka protini, akawa mwingi hapo kuliko ilivyokusudiwa. Asiyejua hilo hudhani amepima sampuli nzima, kumbe amepima kichochoro. Kundi la Warncke katika Chuo Kikuu cha Emory lilifanya la busara kwa kuigeuza hila hiyo kuwa kazi: lilitumia TEMPOL kusoma maeneo mawili ya kichochoro chenyewe, lile linaloshikamana na protini na lile lililo kati yake na barafu, na mistari ya maeneo hayo mawili ikatenganishwa badala ya kufanywa wastani. Wastani ndio maradhi ya kudumu ya fani hii. Sampuli moja yenye wageni wa namna mbili, wengine wakikimbia na wengine wamekwama, hutoa mistari iliyopandana. Anayeilazimisha kuwa ya mwendo mmoja hupata namba ya mwendo usiokuwapo popote ndani ya sampuli.

Dawa ya swali la mahali ilipatikana kwa sehemu. McConnell na wenzake huko Stanford, katika kazi zao za kwanza za mwaka 1965, hawakumwacha mgeni azurure. Walimfunga kwa kifungo cha kemia juu ya protini. Kitu cha namna hii hakistahili jina moja na kile kinachoelea huru, na Kiswahili kinaweza kukiita alama, kikaacha kichunguzi kwa kile kisichofungwa. Tofauti hiyo si ya mapambo. Mwaka 1989 Hubbell, Khorana na wenzao walionyesha njia ya kuchagua asidi amino moja, kuibadili iwe sisteini, na kuifunga alama hapo hapo; na mwaka 1996 njia hiyo ilitumiwa kuonyesha kwamba rodopsini ya jicho ikipigwa na mwanga, moja ya nguzo zake husogea. Shahidi sasa amepewa kiti chenye namba. Amelipa ada, hata hivyo: protini yenye alama si protini ile ile, kwa kuwa kishina kimoja kimeondolewa na kigeni kimewekwa, na ni lazima ionyeshwe kila mara kwamba bado inafanya kazi yake. Waandishi wazuri wa njia hii huanza na ushahidi huo kabla ya mchoro wa kwanza wa mistari.

Kazi inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote zilizotajwa, na hasa na watu wa nchi za joto, ni ile ya Buitink, Leprince, Hemminga na Hoekstra juu ya mbegu na chavua, iliyotangazwa mwaka 2000. Mbegu kavu si kitu kilichokufa. Ndani ya seli zake maji yamepungua hata sukari na protini zimekuwa kioo, na humo mambo ya kuozesha huenda polepole sana, lakini huenda. Mbegu huzeeka. Wachunguzi hao walitia kichunguzi kipendacho maji ndani ya seli. Ishara ya vile vilivyobaki nje huuawa kwa chumvi ya ferisianidi isiyoweza kupenya utando hai. Kwa hiyo mahali pa shahidi palijulikana, jambo ambalo, kama ilivyoonekana, si la kawaida. Kisha wakapima kugeuka kwake kwa njia ya kushibisha, katika unyevu na joto mbalimbali, wakaweka vipimo hivyo mbele ya kasi ya kuzeeka. Logi za kasi hizo mbili zilikaa juu ya mstari ulionyoka.

Ubora wa kazi hii haumo katika kichunguzi. Umo katika kwamba ushahidi wa mgeni uliletwa mbele ya shahidi mwingine asiyeweza kurubuniwa, yaani mbegu iliyoota na mbegu iliyokataa kuota. Hawakuhitaji kudai kwamba kugeuka kwa nitroksidi ndiko kuzeeka kwa mbegu. Ilitosha kuonyesha kwamba vinakwenda pamoja katika mimea mbalimbali, na kwamba basi kimoja chaweza kutumiwa kukisia kingine.

Kutoka hapo walipiga hatua yenye matokeo makubwa, na ndiyo inayopasa kusailiwa. Katika baridi ya chini ya sifuri mbegu huishi muda mrefu kuliko subira ya mtafiti, na hakuna awezaye kungoja ife ili apate namba. Kichunguzi hupimika hata hapo. Wachunguzi waliurefusha mstari wao hadi katika baridi hiyo, wakakisia kwamba unyevu unaofaa kwa maisha marefu ni mwingi kuliko ule uliokuwa ukitumiwa katika benki za mbegu, na wakaomba taratibu za uhifadhi ziangaliwe upya. Kanuni za kimataifa za mwaka 1994 zilikuwa zimependelea nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, na unyevu wa asilimia 3 hadi 7. Kama ukisio ni kweli, mbegu nyingi zilikaushwa kupita kiasi kwa nia njema. Kama si kweli, kuziongezea unyevu ni kuzifupishia maisha. Benki ya mbegu ya taifa ya Kenya iliyoko Muguga, kama zilivyo nyingine za nchi nyingine, haihifadhi namba bali mbegu zenyewe, na aina ya mtama iliyokwisha toweka shambani hairudi kwa kusahihisha makala.

Udhaifu wa hatua hiyo ni huu. Mstari ulionyoka katika eneo lililopimwa hauna wajibu wa kunyoka katika eneo lisilopimwa, hasa ukiwa unapita katika mabadiliko ya hali ya kioo. Mgeni mwenye umbo na ukubwa wake huhisi nafasi za kadiri yake. Katika kioo kigumu sana, mambo ya kuzeesha yanaweza kuwa ni ya vitu vidogo kuliko yeye, kama oksijeni, ambavyo hupita asipopita. Hapo mstari wa mgeni na mstari wa mbegu vitaachana. Kwa upande wa pili, mkosoaji atakayetaka kuitupa kazi hii kwa sababu hizo ana deni la kueleza kwa nini mistari hiyo haikuachana kokote ilikopimika. Ukisio uliosemwa kuwa ni ukisio, pamoja na msingi wake, ni jambo la heshima katika elimu, na maandishi haya yalisema hivyo. Fani ambayo kwa miaka mingi ilikisia na kuita makisio yake vipimo ilihitaji mfano kama huo. Pengine haukutarajiwa kutoka kwa watu wa mbegu.

Limebaki jambo la sarufi, nalo laweza kuonekana dogo kwa wakemia. Kiswahili kina kinga ambayo baadhi ya ndimi za Ulaya hazina. Katika ndimi hizo mtu huandika kwamba mwendo ulionekana, na haulizwi ni wa nini. Mwandishi wa Kiswahili akitumia kitenzi hulazimika kukipa kiambishi cha mtenda: kichunguzi kilizunguka, au protini ilizunguka. Ki- na i- haviwezi kubadilishana nafasi kimya kimya. Hoja ikihama kutoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji, kiambishi huhama nayo, na msomaji huona mahali ilipohamia. Hii ni sababu nyingine ya kulipokea neno kichunguzi licha ya kasoro yake, maana ngeli yake inalitenga na protini na polima. Lakini kinga hii ina matundu mawili. La kwanza ni -ake: mwendo wake yaweza kuwa wa kichunguzi, wa protini, au wa maji, na upatanisho wa w- unafuata mwendo, haumfuati mwenye mwendo. La pili ni neno molekuli lenyewe, ambalo mgeni na mwenyeji wote wana haki nalo. Molekuli ilizunguka ni sentensi iliyo kamili kwa sarufi na isiyo na habari kwa kemia.